Tini Zilizogoma Kuiva: Uchambuzi wa Kisa cha Mtini Mmoja wa Kigamboni

Masika yalipoisha, mtini wa bibi mmoja wa Kigamboni ulibaki na matawi karibu matupu yaliyojaa tini. Zilikuwa za kijani, ngumu, nyingi zina ukubwa wa ndimu, na hazikuwa zimebadilika tangu mvua zilipokolea. Kila asubuhi mjukuu akifagia uwanja aliokota kadhaa zilizodondoka usiku. Bibi alitaka kujua jambo moja tu: azichume zote, au aendelee kusubiri?

Swali hilo huwasumbua watu wengi wa Dar es Salaam wenye mtini nyumbani, na mara nyingi anayeuliza ameshapewa majibu mawili yanayopingana. Wengine humwambia achume avundike. Wengine humwambia aache, zitaiva zenyewe kwa wakati wake. Kwa mtini huu, kuchuma zote kungekuwa hasara na kuacha zote kungekuwa hasara vilevile. Kueleza sababu kunadai tuufuate mti tangu ulikotoka.

Mti na historia yake

Ulipandwa kwa pingili iliyoletwa na ndugu yao kutoka Unguja. Una miaka minne hivi. Umesimama kwenye mchanga mweupe wa pwani, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani ulio upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaufikia kwa kuchelewa. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Hatua mbili kutoka shinani kuna tuta la bamia na mchicha. Mbolea inatoka kwa kijana wa jirani anayefuga kuku wa nyama: kila akisafisha banda, kiroba kimoja humwagwa chini ya mtini, na bibi humshukuru.

Mwaka wa pili ulitoa tini za kuhesabika. Mwaka wa tatu, kati ya Januari na Februari, uliivisha vizuri kabisa: ganda la zambarau iliyofifia, shingo imelegea, ndani nyekundu na tamu. Bibi akagawia majirani. Naomba msomaji ashike hilo la Januari na Februari, kwa sababu ndilo lililotusaidia kuliko dawa yoyote.

Mwaka wa nne mti ukapaa. Matawi yakapita ukuta, majani yakawa mapana kuliko kiganja cha mtu mzima, na karibu kila jani likabeba tini yake. Ilipoingia Machi, mvua ikaanza, na ndani ya wiki chache majani ya chini yakageuka manjano, yakawa na madoa ya kahawia, yakaanguka. Mwezi Mei ulipokwisha, yalikuwa yamebaki majani ya ncha za juu tu.

"Shikamoo, bibi," nilimsalimu nilipofika kuuona mti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone maajabu. Mti majani hauna, matunda unayo."

Walichokuwa wameshajaribu

Bakuli zima la tini za kijani lilikuwa limeshachumwa, likafungwa kwenye gazeti na kufukiwa kwenye ndoo ya mchele pamoja na ndizi mbivu, vile tunavyofanya kwa maparachichi na maembe. Wiki ilipita. Tini zikanywea, chache zikaota ukungu, na hata moja haikupata utamu.

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza matunda bure. Embe au ndizi iliyokomaa huchumwa na akiba yake ya wanga ndani, na akiba hiyo hugeuka sukari hata ikiwa imefungiwa stoo. Tini haina akiba ya namna hiyo. Sukari yake hutoka kwenye majani, na sehemu kubwa mno huingia siku za mwisho kabisa, tunda likiwa bado juu ya mti. Ukilikata likiwa la kijani, umefunga bomba. Linaweza kulegea kidogo, lakini utamu hauji. Hata tini iliyoanza kubadilika rangi ni bora uisubiri mtini siku mbili tatu zaidi kuliko kuiwahi.

Kuna jambo la pili, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu lilimuumiza mtoto. Mjukuu mdogo alionja tini mbichi, midomo ikawaka. Kaka yake aliyezichuma alijipangusa utomvu mweupe mikononi kwa fulana, akaendelea kucheza juani. Siku ya pili yake zilitokea alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono na mbele ya kiwiko, zikavimba malengelenge, na zilipopona zikaacha michirizi myeusi. Nyumbani walidhani ni mdudu.

Ulikuwa utomvu wa mtini. Una kimeng'enya kinachoyeyusha protini, chenye nguvu hata ya kugandisha maziwa, na ndicho kinachounguza midomo. Pia, utomvu na majani vina kemikali zinazoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua. Bila jua hazileti madhara makubwa, juani zinababua. Kwa hiyo anayechuma tini mbichi au kukata matawi afanye kazi hiyo jioni, avae mikono mirefu na glavu, akimaliza aoge kwa sabuni. Watoto wasishirikishwe kabisa.

Mti dume, misumari, na nyigu

Jirani mmoja alisema mti ni dume na ukatwe. Mwingine alishauri shina lipigiliwe misumari. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa ameona kwenye simu kwamba tini haiivi bila nyigu maalumu, na huyo nyigu hayupo Tanzania. Kati ya ushauri wote, huu wa mwisho ndio uliokuwa na ukweli ndani yake, kwa hiyo tuuchambue.

Tini tunayoiita tunda ni kifuko kilichojaa maua upande wa ndani. Ndiyo maana hatuoni mtini ukichanua. Chini ya kifuko kuna kitundu kidogo, na kwenye aina fulani za mitini, nyigu mdogo sana hupenya hapo akiwa amebeba chavua kutoka kwenye mtini dume. Aina maarufu ya kundi hilo inaitwa Smyrna, jina la kale la mji ambao leo ni Izmir, Uturuki, na tini kavu nyingi za Uturuki zinazouzwa Kariakoo ni za ukoo huo. Wakulima wa California walipanda mitini ya Smyrna karne ya 19, ikawa inadondosha tini changa mwaka hadi mwaka, mpaka nyigu wake walipopelekwa kule na kuota mizizi mwaka 1899.

Lakini ipo mitini mingi ya nyumbani isiyohitaji nyigu wala chavua. Tini zake huiva bila mbegu zenye uhai, na hiyo ndiyo inayosambaa kwa pingili duniani kote. Tutajuaje mtini wa bibi ni wa kundi gani? Kwa historia yake: uliivisha mwaka wa tatu, peke yake, hapa hapa Kigamboni. Mtini unaotaka nyigu usingeweza. Tena, mtini wa Smyrna uliokosa nyigu hudondosha tini zikiwa bado changa, zimenyauka na kugeuka manjano. Hauzibebi miezi mizima zikiwa nene na za kijani. Suala la nyigu likafungwa hapo.

Nyongeza fupi kwa wanaopanda mbegu za tini kavu za dukani, maana wapo. Mbegu hizo zinaota vizuri. Ila takribani nusu ya miche itakuwa madume ambayo matunda yake hayaliki kwa raha, na mingi ya iliyobaki itakuwa inadai nyigu. Nyigu wa mkuyu wetu wa mtoni hawasaidii, kwa kuwa kwa kawaida kila aina ya mti wa ukoo huu ina nyigu wake. Mtu anaweza kumwagilia mti wa namna hiyo miaka mitano akilaumu udongo. Chukua pingili kutoka kwenye mti ambao umeuona ukiivisha hapa pwani.

Misumari nayo ina chimbuko. Misri na Kupro watu wamechanja makuyu kwa kisu tangu kale, na jeraha dogo huliharakisha kuyu kuiva ndani ya siku tatu nne. Lile ni tunda la mkuyu, na kinachochanjwa ni tunda lenyewe. Kupigilia chuma kwenye shina la mtini uliodhoofika ni kuufungulia mlango wa kuvu na wadudu.

Tulichokiona mtini

Niliokota jani lililokuwa limeanguka na kuligeuza. Upande wa juu ulikuwa na vidoa vya manjano na kahawia. Upande wa chini ulikuwa na vipele vidogo, na nilipopitisha kidole, kikatoka na vumbi la rangi ya chuma kilicholiwa. Hiyo ni kutu ya mtini, ugonjwa wa kuvu unaopenda majani yanayolala na unyevu. Kutu hailiozeshi tunda. Inaangusha majani, na tunda linabaki bila wa kulilisha.

Tulikata tini tatu. Ya kwanza, kutoka tawi tupu, ilikuwa na ganda nene jeupe, katikati uwazi, na maua ya ndani yamekauka rangi ya mchele. Ya pili ilitoka tawi la juu lililobakiwa na majani: ndani ilikuwa na unyevu na imeanza kuona haya, waridi ya mbali sana. Ya tatu tuliiokota chini, na tundu lake lilikuwa limeingiliwa na sisimizi. Tofauti kati ya ile ya kwanza na ya pili ndiyo iliyonifanya nimwambie bibi kwamba asichume zote.

Kisha tukachimbua taratibu upande wa tuta la bamia. Mizizi midogo ilikuwa na vifundo, mingine mikubwa kama punje ya kunde. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana ya udongoni inayoingia mizizini na kuivimbisha. Wanapenda mchanga, wanapenda bamia mno, na mtini ni miongoni mwa miti ya matunda inayoshambuliwa nao kwa urahisi. Upande wa tangi mizizi ilikuwa safi zaidi. Mti ulikuwa unakunywa kwa upande mmoja.

Chumvi ya kisima tuliifikiria, lakini mtini huvumilia chumvi kiasi kuliko miti mingi ya matunda, na majani mapya ya juu hayakuwa yameungua kingo. Tukaiacha.

Mbolea ya kuku haikuachwa. Kiroba baada ya kiroba cha samadi ya kuku wa nyama kilikuwa kimeupa mti naitrojeni nyingi kupita kiasi. Mti wa namna hiyo hukimbilia majani na urefu, hujifunika kivuli wenyewe, hewa haipiti, majani hayakauki baada ya mvua, na kutu inapata kitanda. Ule uzuri uliowasimamisha watu getini mwezi Februari ndio uliotayarisha ugonjwa wa Aprili. Bibi hakufurahi kulisikia hilo, na namwelewa, maana alikuwa ameuhudumia mti kwa mapenzi yote.

Kwa nini tini inasimama kijani

Tini hukua kwa hatua tatu. Mwanzoni hunenepa haraka, kwa wiki tano au sita. Halafu husimama. Kwa wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwezi, huioni ikiongezeka wala kubadilika rangi, na ndani yake maua na mbegu zinakomaa. Mwishoni, kwa ghafla, ndani ya siku chache hadi wiki moja na ushee, huvimba, hulegea, huinamisha shingo, hupata rangi na kujaa sukari. Kwa jumla ni kama miezi mitatu hadi minne tangu uione ikiwa kipunje.

Watu wengi hukata tamaa kwenye hatua ya pili, na mti ukiwa na majani mazima, kukata tamaa huko ni haraka isiyo na sababu. Zinahitaji kusubiriwa tu. Mtini wa bibi ulipoteza majani matunda yakiwa kwenye hatua hiyo ya pili. Kila tini hukaa kwapani mwa jani, na jani hilo na jirani zake ndio walishaji wake wakuu. Jani likianguka, tini haipiti kwenda hatua ya tatu. Itaning'inia, itakauka, au itadondoka, na wakati huo wote itanyonya maji na nguvu ambazo mti ungezitumia kuchipua upya.

Hapa nina neno kuhusu ushauri unaosambaa kutoka nchi za baridi. Uingereza, vuli yao ikiisha, mtunza mtini huambiwa atoe tini zote za kijani zilizo kubwa na aache vile vipunje vya nchani, kwa kuwa kubwa zitauawa na baridi na vipunje vitavuka hadi msimu unaofuata. Ushauri huo ni sahihi kule. Watu wa hapa wanaufuata mwezi Novemba au Desemba, wakati mtini wa Dar es Salaam ukiwa na majani ya kijani na kiangazi cha Januari kinakuja kuivisha, na wanatupa mazao yao kwa mikono yao.

Dar es Salaam haina baridi ya kuua tini. Kinachotutenda sisi ni masika, Machi hadi Mei, kwa mvua na unyevu unaoleta kutu na kuangusha majani. Kanuni ya wale wenzetu tunaweza kuichukua, ila kalenda tuibadilishe: tini kubwa ya kijani inayoingia masika haina matumaini makubwa, na tini ya kijani ya Novemba mara nyingi ina nafasi nzuri. Kumbuka Januari na Februari za bibi.

Tulichofanya na matunda

Kwenye matawi matupu tuliziondoa zote, kubwa kwa ndogo. Bibi aliomba tumwachie tawi moja "kwa ajili ya moyo wangu", tukamwachia, na likawa kipimo kizuri baadaye.

Kwenye matawi ya juu yenye majani tuliacha tini zilizokuwa na jani lake au jani la jirani yake. Zilizokuwa zimebanana bila jani tulizipunguza. Vipunje vya nchani hatukuvigusa kabisa, na naomba mtu yeyote anayefanya kazi hii awe mwangalifu hapo, kwa sababu kipunje kidogo cha mviringo ni tini ijayo, na mkono wenye haraka hukikwangua pamoja na jani.

Chache kati ya zilizobaki tulizijaribu kwa mafuta. Njia hii ni ya kale sana katika nchi za Mediterania: tone la mafuta ya zeituni hupakwa kwenye kitundu cha chini, na tini huamka kuelekea hatua ya tatu mapema kuliko wenzake. Muda wake ndio kila kitu. Tini lazima iwe mwishoni mwa kusimama kwake, kitundu kimeanza kuona rangi na ganda linaanza kupoteza ugumu wa mwanzo. Ukiipaka ikiwa changa, itadondoka. Tulizifunga uzi mwekundu zile zilizopakwa ili zisichanganywe. Zilitangulia wenzake, ndani ya wiki moja na kitu. Bibi alizionja na kusema zile zisizopakwa, zilipofuata, zilikuwa tamu zaidi. Kwa maoni yangu mafuta yanafaa kwa mtu anayekimbizana na mvua au kunguru. Asiye na haraka aache mti ufanye kazi yake.

Ndoo ya tini tulizoziondoa haikutupwa. Afrika Kusini na Kupro tini za kijani hupikwa kwa sukari, na bibi, aliyezoea kupika visheti na halua, hakuhitaji maelezo marefu. Zilioshwa kwa glavu, zikachanjwa msalaba upande wa chini, zikachemshwa, maji yakamwagwa, zikachemshwa tena na maji mapya, hadi maji yakaacha kuwa na povu na uchungu. Ndipo zikaingia kwenye shira nzito yenye iliki, mdalasini na ndimu, zikapikwa kwa moto mdogo mpaka zikang'aa. Zinazofaa ni ndogo na laini. Zile zilizokauka ndani zilibaki na nyuzi, tukazifukia.

Tulichofanya na mti

Majani yote yaliyoanguka yalifagiliwa na kuchomwa, hata yale yaliyojificha nyuma ya tangi. Kutu hungoja humo humo. Siku hizo hizo za mwanzo wa kipupwe matawi yalipogolewa: yaliyovukana yakatoka, yaliyolala ukutani yakatoka, na marefu yakafupishwa ili mtu aliyesimama chini afikie tunda kwa mkono. Katikati ya mti kukabaki wazi. Tulifanya hivyo jioni, kwa glavu, na matawi tuliyoyakata hayakuachwa kwa watoto kuchezea.

Mbolea ya kuku ilisimamishwa. Badala yake iliwekwa mboji iliyooza vizuri na matandazo mazito ya majani makavu ya mgomba, kuanzia hatua moja kutoka shinani kwenda nje, ili mchanga usikauke kabisa kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine. Maji humwagwa chini, si juu ya majani, na ndoo mbili kubwa kwa siku chache za wiki zimefaa zaidi kuliko kopo moja kila jioni. Mti unaoshtushwa kwa kiu na mafuriko hudondosha tini hata usipokuwa na ugonjwa.

Bamia ilihamishwa. Minyoo fundo hawana dawa ya kuwamaliza kwa mtu wa nyumbani. Kinachowezekana ni kuwanyima chakula wanachokipenda na kuujenga udongo kwa vitu vinavyooza, ili mti uote mizizi mipya upande ulio salama.

Dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) ilipulizwa mara majani mapya yalipofunguka, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Dawa hii hulinda jani safi. Jani lililokwisha kujaa vumbi la kutu halirudi, na kumwaga dawa juu yake ni kupoteza fedha.

Yaliyofuata

Zile za juu zilizoachiwa majani ziliiva chache chache mwezi Julai, zile za uzi mwekundu zikiwa mbele. Tawi la moyo wa bibi halikuivisha hata moja. Tini zake zilikauka zikiwa zimeng'ang'ania, na machipukizi yake yalichelewa kuliko ya matawi mengine yote. Aliliona mwenyewe, akaagiza likwanguliwe.

Machipukizi mapya yalitoka kwa wingi, mafupi kuliko ya mwaka uliotangulia, na Agosti yalikuwa na vipunje. Oktoba ikiwa inaelekea ukingoni, za kwanza ziliinamisha shingo. Ndipo vuli ikaanza, na mvua ya kwanza kubwa ikapasua zile zilizokuwa zimejaa sukari. Nyingine zikachacha kwa siku moja. Tukajifunza kuchuma asubuhi kila siku wakati wa vuli, na kuwahi iliyoiva kabla ya wingu, badala ya kusubiri iive yote kwa pamoja.

Kunguru wa mjini nao walikuja, na usiku popo. Vifuko vya kitambaa cha chandarua kilichochakaa, vikifungwa kwenye kila tini inayoanza kubadilika rangi, vilifanya kazi vizuri. Usifunge kifuko cha plastiki. Ndani yake kuna joto na jasho, tini inaoza. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoishi juu ya miti, walijenga kiota kwenye tawi moja. Wanaudhi wakati wa kuchuma, ila wanafukuza wadudu wengi wa matunda, nikamshauri bibi awaache mradi hawawafugi vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu, kwenye vikonyo.

Mavuno makubwa yamekuja tena Januari na Februari, kama mwaka wa tatu. Kutu ilirudi Desemba kwa vidoa vichache kwenye majani ya chini. Yalichumwa na kuchomwa siku hiyo hiyo, na mti umeingia kiangazi na majani yake.

Kwa masika yanayokuja mpango umeshakubalika. Mwishoni mwa Februari hakutakuwa na mbolea yoyote ya kuchochea. Katikati ya Machi tini zitapangwa: zinazokaribia kulegea zitapakwa mafuta na kufungwa vifuko, kubwa za kijani zisizo na dalili zitaondolewa na kupikwa, vipunje vitabaki. Kopa itapulizwa kabla mvua hazijakolea na kurudiwa kila zikipungua, kwa kufuata kibandiko. Pingili tatu zimeshapandwa kwenye ndoo zenye mchanganyiko wa mboji na mchanga ulioletwa kutoka nje ya uwanja ule, kwa sababu ukichota udongo karibu na lile tuta la zamani la bamia, unaipeleka minyoo fundo kwenye mche mpya kabla haujatoa hata jani la tatu.